Mwili Unapouma Baada ya Kazi: Maji ya Moto, Karafuu na Tangawizi Hufanya Nini Hasa

Masika yakianza na majembe yakashuka shambani, au vikundi vya mazoezi vya Jumamosi asubuhi vikipata wanachama wapya, ushauri wa misuli hujaa kwenye simu zetu. Mmoja anatuma kwamba asidi imejaa miguuni, inywewe ndimu. Mwingine anasema barafu. Wa tatu anasema barafu ni hatari, mtu akandwe kwa maji ya moto. Yupo anayeapa kuwa chumvi fulani inafyonza sumu kupitia nyayo, na yupo anayemhimiza mwenzake akimbie tena kesho yake kwa kasi ileile ili maumivu yayeyuke. Wote wanaandika kwa uhakika uleule. Anayesoma usiku huku mapaja yamemgomea hana namna ya kujua amsikilize nani.

Jambo linalosaidia kuchuja ushauri huo ni hili: karibu dawa zote za nyumbani haziutengenezi msuli. Msuli hujitengeneza wenyewe, kwa muda wake. Dawa hizi hutuliza mishipa ya fahamu inayobeba habari za maumivu, humfanya mtu aweze kusogea na kulala, na kusogea na kulala ndiko kunakousaidia msuli. Ukilishika hilo utaona kwa nini maji ya moto yanastahili heshima yake, kwa nini karafuu si ushirikina, na kwa nini kuna maumivu ambayo hayatakiwi kukandwa hata kidogo.

Maumivu hayafanani

Tunasema "misuli inauma" tukimaanisha mambo manne tofauti, na dawa ya moja si dawa ya lingine.

La kwanza ni kukaza. Msuli uliokaza ni ule usiolegea hata mwenye nao akiwa amepumzika. Ndiyo shingo na mabega ya fundi cherehani, mgongo wa chini wa dereva wa daladala, kisogo cha mtu anayeinamia simu mpaka usiku wa manane. Mara nyingi msuli huu haujaumia. Umeshikiliwa katika mkao mmoja muda mrefu, au mwenye nao ana mawazo na hajalala vizuri siku kadhaa.

La pili ni maumivu ya kuchelewa, yale yanayokuja baada ya kazi au zoezi ambalo mwili haukulizoea. Siku ya kazi unajiona mzima. Yanaanza saa 12 hadi 24 baadaye, yanafikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, na kwa kawaida ndani ya wiki moja yamekwisha.

La tatu ni kubanwa na msuli: kigimbi kinajikunja ghafla kuwa donge gumu, mchezaji anaanguka uwanjani dakika za mwisho, au mama mjamzito anaamshwa usiku na mguu. Huchukua sekunde au dakika chache, kisha huachia.

La nne ni kuchanika. Hapa mtu anajua saa na mahali lilipotokea: alikuwa anakimbia au ananyanyua gunia, akahisi kitu kimeachia, na tangu hapo sehemu moja inauma hasa ikiguswa, pengine inavimba au kugeuka rangi. Hili ni jeraha. Linahitaji macho ya mtaalamu kabla ya mikono ya mkandaji.

Asidi haina hatia

Dhana iliyosambaa kuliko zote ni kwamba mwili unauma kesho yake kwa sababu asidi ya maziwa imebaki kwenye misuli. Ni kweli kwamba ukifanya kazi ya nguvu na ya kasi, misuli hutoa kitu hicho kwa wingi. Lakini damu hukichukua na mwili hukitumia tena, hata moyo hukitumia kama nishati. Ndani ya saa moja hivi kiwango kinakuwa kimerudi kawaida. Maumivu ya kesho kutwa hayawezi kuletwa na kitu kilichoondoka leo jioni.

Ushahidi mzuri zaidi upo kwenye miteremko. Wapanda Kilimanjaro wanaorudi kwa njia ya Mweka hutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakateremka zaidi ya mita 4,000 ndani ya siku mbili. Kupanda ndiko kulikowamaliza pumzi, na kupanda ndiko kunakozalisha asidi hiyo kwa wingi. Lakini muulize mgeni huyo akiwa Moshi siku inayofuata ni nini kinachomfanya ashuke ngazi za hoteli kinyumenyume: ni mapaja, na yaliumizwa na kuteremka.

Sababu yake ni hii. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi huku unajifupisha. Unapoteremka hufanya kazi huku unarefushwa, kwa sababu lazima uuzuie uzito wa mwili usianguke wote kwa mpigo. Fikiria mtu anayeshusha ndoo iliyojaa maji kisimani kwa kamba: kamba inatoka mikononi huku yeye ameishika, na viganja ndivyo vinavyoungua. Msuli unaoshika huku unavutwa hupata michubuko midogo sana katika nyuzi zake. Mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alishahisi tangu mwaka 1902 kuwa maumivu haya yanatokana na kuchanika huko kudogo ndani ya msuli. Mwili hupeleka damu na chembe za kinga mahali hapo, panavimba kwa ndani, na mishipa ya fahamu ya eneo hilo inakuwa myepesi kuhisi. Ndiyo maana hata kuguswa kunauma.

Kazi za namna hii ni nyingi kuliko tunavyodhani: kushusha magunia kutoka kwenye lori, kulima kwa jembe la mkono ambalo kila pigo lazima lizuiliwe, kuchuchumaa na kuinuka, kuteremka milima ya Usambara na mzigo kichwani.

Habari njema ni kwamba msuli hukumbuka. Kazi ileile ikirudiwa baada ya wiki moja au mbili, maumivu huwa madogo zaidi. Ndiyo maana mpagazi aliyeshuka njia ya Mweka mara kadhaa msimu huo anafika langoni na mzigo wake, na jioni anatembea kama kawaida. Hii ndiyo kinga yenye nguvu kuliko dawa yoyote nitakayoitaja hapa: kuanza kidogo. Anayeingia shambani baada ya miezi ya kukaa ofisini alime kipande kidogo siku ya kwanza, aongeze taratibu. Anayeanza mazoezi asimalize yote siku moja.

Maji ya moto yanapata sifa zake kihalali

Joto hupanua mishipa midogo ya damu kwenye ngozi na chini yake, hulainisha tishu zilizokakamaa, na huamsha vihisi vya joto ambavyo habari zake hufika kwenye ubongo na kupunguza uzito wa habari za maumivu. Kwa msuli uliokaza na kwa mgongo wa chini, nafuu yake ni ya kweli ingawa ni ya muda. Na ule muda ndio wa kutumia kunyoosha viungo au kulala.

Mkandaji mzoefu ana hatua ambazo anayekanda kwa mara ya kwanza huziruka. Maji yanachemshwa, kisha yanapunguzwa makali kwa maji baridi. Taulo linatumbukizwa, linakamuliwa kwa kupindwa ncha zake mbili, linapepewa hewani kidogo. Halafu haliendi moja kwa moja mgongoni kwa mgonjwa: mkandaji analigusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani ambako ngozi ni laini. Likivumilika hapo ndipo linapohamia. Likipoa linarudi kwenye maji. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Kama uko peke yako, chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga mara mbili na kuwekwa begani au kiunoni inafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya kujigusisha si mapambo. Maji ya nyuzi joto 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na maji yaliyotoka jikoni hupita hapo kwa mbali. Mwenye kisukari cha muda mrefu yuko hatarini zaidi, kwa sababu miguu yake inaweza kuwa imepoteza hisia. Ataambiwa "yanavumilika?" naye ataitika, kumbe ngozi inaungua. Mgonjwa wa kisukari asitumbukize miguu kwenye beseni la maji ya moto, na anayemkanda apime mwenyewe.

Kuchua, na siri ya mafuta

Mtoto akijigonga anapasugua alipogonga bila kufundishwa na mtu. Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa maelezo ya jambo hilo ambayo bado yanaheshimiwa: habari za mguso na habari za maumivu hupita pamoja kwenye uti wa mgongo, na zile za mguso zikiwa nyingi huzibania nafasi zile za maumivu. Kuchua kunasaidia kwa njia hiyo, na pia kunamlegeza mtu mzima, pumzi yake ikashuka, mabega yakateremka. Tafiti kuhusu maumivu ya kuchelewa zinaonyesha kuwa kuchua hupunguza makali, kwa kiasi. Kiasi hicho hakiongezeki kwa kubonyeza mpaka mtu atoe machozi. Imani kwamba lazima paume ndipo papone imeacha michubuko mingi kwenye migongo ya watu.

Mafuta yenyewe, yawe ya nazi, ya ufuta au ya nyonyo, kazi yake kubwa ni kufanya mkono uteleze. Yanayoongeza kitu ni yale yenye viungo ndani yake, na hapa pwani yetu ina utajiri wake. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hutoa mafuta kutoka kwenye vikonyo vya karafuu, na watu wamezoea kuyachua kwenye viungo vinavyouma. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho hufisha ganzi kidogo na kuleta joto kwenye ngozi. Madaktari wa meno wamekitumia kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini mafuta halisi ya karafuu ni makali mno kupakwa yenyewe. Huunguza na huleta upele. Kipimo salama ni tone 1 katika vijiko 2 vya chai vya mafuta ya nazi au ufuta. Pakaa kwanza sehemu ndogo ya mkono, ngoja mpaka kesho, ukiona hakuna mwasho endelea. Usipakae kwenye jeraha, usimpake mtoto mchanga, na chupa ifichwe mbali na watoto, kwa maana mtoto akiyanywa yanaweza kumharibu ini.

Pilipili nayo ina habari ya kuvutia. Mwaka 1997 mtafiti David Julius na wenzake huko California walitumia kile kinachoifanya pilipili iwe kali ili kutafuta kihisi cha joto kwenye mishipa ya fahamu, wakakipata: ni mlango uleule mmoja unaofunguka kwa pilipili na kwa joto la kuanzia nyuzi 43 hivi. Mwaka 2021 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Maana yake kwetu ni kwamba dawa ya kuchua yenye pilipili haipashi msuli joto. Inaiambia mishipa ya fahamu kuwa kuna joto, na ikiambiwa tena na tena mishipa hiyo huchoka kupeleka habari. Mentoli, ile ya peremende, hufanya hivyo kwa upande wa baridi. Baridi unayoisikia ipo kwenye mishipa, ngozi yenyewe haijapoa. Usiyadharau haya kwa kuwa ni hisia tu, kwa sababu maumivu nayo ni hisia na hapo ndipo yanapotulizwa. Ila usisage pilipili mbichi ukapaka, kwa sababu hakuna anayejua ukali wake, na usichanganye dawa ya kuchua na taulo la moto juu yake. Ngozi itaungua kabla hujatambua.

Dawa nyingi za kuchua za dukani zina pia ndugu wa aspirini, methili salisilati, yenye ile harufu kali inayojaza chumba. Inaingia kwenye damu kupitia ngozi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiipake bila kumuuliza daktari. Kafuri nayo, ambayo watu huwapaka watoto kifuani na mgongoni, inaweza kumletea mtoto mdogo degedege akiimeza.

Barafu, haluli, tangawizi

Barafu ina historia ya kubadilishiwa hukumu. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, ndiye aliyetoa mwongozo maarufu kwa walioumia: pumzika, weka barafu, funga bandeji, inua mguu juu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kuwa barafu inaweza kuchelewesha kupona, kwa sababu uvimbe ule ni sehemu ya matengenezo ya mwili. Barafu bado inafaa kupunguza maumivu saa za mwanzo baada ya kuteguka au kuchanika: dakika 10 hivi, ikiwa imefungwa kitambaani, kisha iondolewe. Kwa msuli uliokaza tu haina kazi, na wengi huwazidishia kukaza.

Chumvi ya Epsom, ambayo wazee wengi waliijua kama haluli ya kuharisha, ni magnesi salfeti. Inauzwa sasa kwa ahadi kwamba magnesi itapenya ngozini na kulegeza misuli. Ushahidi wa kupenya huko ni dhaifu mno. Ukijisikia vizuri baada ya kuloweka miguu, shukrani ziende kwa maji ya uvuguvugu na nusu saa ya kukaa kimya, na chumvi ya kawaida au kutokuwa na chumvi kabisa kungekupa nafuu hiyo hiyo. Wala hakuna sumu inayotoka kwenye nyayo. Maji yakigeuka rangi ni uchafu wa miguu. Kazi ya kutoa taka mwilini ni ya ini na figo. Alama za duara zinazobaki baada ya kuumikwa, yaani kuvutwa ngozi kwa vikombe au pembe, nazo watu huonyeshana wakisema ni sumu iliyotoka, lakini ni damu iliyovuja chini ya ngozi kwa kuvutwa. Kama mtu anaumikwa kwa kuchanjwa, wembe uwe mpya na wa kwake peke yake. Hapo sina la kujadiliana.

Tangawizi imenishangaza kwa upande mzuri. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliwapa watu waliojitolea gramu 2 za tangawizi kila siku kwa siku 11, wakawafanyisha zoezi la kuumiza misuli ya mkono. Maumivu yao yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 25 kuliko ya wale waliopewa vidonge visivyo na kitu, na tangawizi iliyopikwa ilikaribia ile mbichi. Angalia lakini jinsi walivyoitumia: kila siku, kuanzia kabla ya kuumia. Kikombe kimoja cha chai ya tangawizi usiku wa maumivu hakitafanya muujiza huo. Kitakupa joto na maji mwilini, na hayo si mabaya. Manjano yana sifa kubwa pia, ila kiini chake hufyonzwa kwa shida tumboni. Pilipili manga husaidia kufyonzwa, na mpishi wa mchuzi hakuhitaji kuambiwa azichanganye.

Kujinyoosha je? Kwa msuli uliokaza kunasaidia. Kwa maumivu ya kuchelewa, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na shirika la Cochrane mwaka 2011 ulikuta nafuu ndogo mno, kama pointi 1 kwenye kipimo cha 100. Jinyooshe kwa sababu unajisikia vizuri, si kwa sababu umeambiwa utaepuka maumivu. Kinachoshinda ni mwendo mwepesi: kutembea, kufagia uwanja, kuogelea kidogo pale wimbi lilipotulia. Maumivu hupungua ukiwa unasogea, hurudi kidogo ukikaa, na kesho yanakuwa madogo zaidi. Kulala kitandani siku tatu kunakakamaza mwili bila faida. Usiku ndio wa kulala, maana homoni ya kukua, ambayo hutumika katika matengenezo ya mwili, hutolewa zaidi katika usingizi mzito. Chakula chenye dagaa, maharage au mayai kitaupa msuli cha kujengea.

Msuli ukibana ghafla

Hapa dawa ni moja na haihitaji duka: urefushe msuli uliobana. Kigimbi kikibana, kaa, nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako taratibu, shikilia mpaka kiachie, kisha pachue.

Ndizi hupewa sifa ya kutibu hali hii kwa sababu ya potasi yake, lakini ndizi inahitaji muda kupita tumboni mpaka kwenye damu, na kubanwa kumekwisha zamani. Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 2010 watafiti Marekani waliwabana watu msuli kwa umeme, wakawanywesha maji ya achari ya matango, na msuli ukaachia baada ya takriban dakika moja na nusu, haraka kuliko kwa maji ya kawaida. Muda huo ni mfupi mno kwa chumvi kufika kwenye damu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ukali wa siki kooni unaamsha mishipa ya fahamu, nayo inatuma amri ya kulegea. Vidonge vya magnesi, vinavyouzwa kwa bei kubwa kwa wazee wanaobanwa usiku, uchambuzi wa Cochrane wa 2020 ulikuta kuwa haielekei vinawasaidia.

Anayefanya kazi juani na kutoka jasho jingi apate maji na chumvi pia. Madafu ni mazuri, ila yana potasi nyingi na chumvi kidogo, ilhali jasho linapoteza chumvi zaidi. Mchanganyiko wa zamani bado unafaa: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mwenye shinikizo la damu amuulize mhudumu wake kwanza.

Usikande, usichue: nenda hospitali

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kuna maumivu yanayojifanya ya misuli, na mkono wa huruma ukaleta madhara.

Mguu mmoja ukivimba, kigimbi kikiuma, kikiwa cha moto au chekundu bila kazi ya kukielezea, inaweza kuwa damu imeganda kwenye mshipa. Kuchua kunaweza kulisukuma donge hilo mpaka kwenye mapafu na kuua. Mama aliyejifungua yuko katika hatari hii kwa wiki kadhaa, na hizo ndizo siku ambazo kwetu anakandwa asubuhi na jioni. Mama, bibi au shangazi anayemkanda mzazi na apime maji kama nilivyoeleza, asimwage ya moto kwenye tumbo wala mshono, na akiuona mguu mmoja umevimba kuliko mwenzake aache taulo amwahishe mzazi hospitali.

Shingo iliyokaza pamoja na homa, kichwa kikali na kuogopa mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Taya kukaza siku kadhaa baada ya kuchomwa na msumari au kukatwa na jembe inaweza kuwa pepopunda. Mwili mzima kuuma pamoja na homa kunahitaji kipimo cha malaria, na penye dengue, kama Dar es Salaam ilivyoipata mwaka 2014 na 2019, mtu asikimbilie aspirini, ibuprofeni wala sindano ya diklofenaki, kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa damu. Hata pasipo homa, dawa hizo zikimezwa kila siku na mtu aliyekaukiwa maji huumiza figo na tumbo.

Mkojo ukibadilika kuwa wa rangi ya chai ya strungi baada ya kazi au zoezi kali, huenda misuli imevunjika kwa wingi na mabaki yake yanaziba figo. Usingoje kesho.

Na shingo yako usimpe kinyozi. Naujua mtindo: amemaliza kunyoa, amepangusa nywele, amepaka spiriti, anakushika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mwingine, anakupindua ghafla, inalia. Ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake, ni mapovu ya gesi kwenye majimaji ya kiungo. Baadhi ya mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita ndani ya mifupa ya shingo, na kupindwa ghafla kumewahi kuichana na kuleta kiharusi kwa vijana wazima. Ni nadra, lakini hakuna faida inayolingana na hatari hiyo. Mwambie akuchue mabega, shingo aiache.

Ukifika kituo cha afya kwa lolote kati ya haya, mweleze mhudumu maumivu yalianza lini, ulifanya kazi gani kabla yake, na taja kila ulichotumia, pamoja na ulichopaka, ulichokunywa na ulichochanjwa. Kama unatumia dawa za kushusha mafuta kwenye damu, zitaje kwa jina au beba kopo lake, kwa sababu baadhi yake huleta maumivu ya misuli zenyewe.